Dola ilishuka, mbona bei ya mahamri haikushuka?

Swali: Mimi ni mama wa Kisauni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai. Mwanzo wa 2024 mwenye duka la jumla aliniambia unga na mafuta vimepanda kwa sababu dola imefika 160. Nikakubali. Sikupandisha bei ya hamri, nikapunguza donge. Kisha dola ikashuka hadi 129 na hapo imekaa, lakini mafuta hayakurudi bei ile ya zamani. Kijana wangu yuko Jeddah, na fedha anazonitumia nazo zimepungua. Je, tunadanganywa?

Jibu: Mama, hukudanganywa, ila uliambiwa nusu ya habari. Mwenye duka alisema kweli kwamba dola ilipandisha unga na mafuta. Asichokueleza ni kwamba mlango ambao dola huingilia kwenye bei sio mlango inaotokea. Nimepiga hesabu za waagizaji mizigo hapa Mombasa kwa miaka mingi, na swali lako ndilo wanaloniuliza hata wenye makontena. Basi nami nikupigie hesabu kama ninavyowapigia wao.

Tuanze na kumbukumbu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Januari 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa 123. Mwishoni mwa Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Sehemu kubwa ya ule mwendo wa mwisho ilikuwa hofu. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024, na watu hawakuona fedha za kulilipa zitatoka wapi, kwa hiyo kila mwenye dola akazibana akingoja zipande zaidi. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wakopeshaji, na kulipa sehemu kubwa ya deni lile mapema. Benki Kuu, iliyokuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 12.5 Desemba 2023, ikaiongeza tena hadi 13. Hofu ikavunjika, waliozibana dola wakakimbilia kuziuza, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Tangu katikati ya mwaka ule imekaa karibu na 129.

Sasa tazama vizuri. Kutoka 113 hadi 160 ni shilingi 47. Kutoka 160 kurudi 129 ni 31. Shilingi yetu ilirudi theluthi mbili ya njia, haikufika nyumbani. Bei ya mafuta unayoiita ya zamani, ile ya kabla ya dhiki, ni bei ya dola ya 113 au chini ya hapo. Kwa dola ya leo, kitu kile kile kikinunuliwa kwa dola zile zile kingekuwa ghali kwa asilimia 14 kuliko Januari 2022, hata kama kila mfanyabiashara wa mji huu angekuwa malaika.

Lakini vitu havinunuliwi kwa dola zile zile. Chukua hamri lako, tulifungue tuone dola imekaa wapi ndani yake. Unga wa ngano: Kenya hulima ngano, lakini iliyo nyingi tunainunua nje, nayo huja kwa meli hadi bandari yetu na kunyonywa kutoka tumbo la meli kuingia kwenye maghala marefu unayoyaona ukiwa barabarani. Ngano hiyo imelipiwa kwa dola. Mafuta ya karai: hayo ni mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, yanakuja mabichi kwenye meli za matangi na kusafishwa hapa. Dola tena. Gesi ya kupikia, dola. Sukari, ya kwetu na ya nje imechanganyika, na ikipungua ya kwetu, ya nje ndiyo inayoamua bei. Nazi inatoka Kilifi na Kwale, mkulima hajui dola ni kitu gani, ila lori lililoileta linakunywa dizeli. Mkono wako unaosukuma unga, kodi ya kibanda na maji ya mtungi ni shilingi tupu.

Kwa hiyo ndani ya hamri moja mna bei mbili zinazozidishana: bei ya mafuta kwa dola, na bei ya dola kwa shilingi. Ukitazama ubao wa benki unaona moja tu. Ya pili inapangwa mbali, na huenda ikaenda upande wake kabisa. Ndivyo ilivyotokea kwenye mafuta ya kupikia. Shilingi yetu ilipotulia mwaka 2024, mawese yenyewe yalianza kupanda huko yanakotoka, na kufikia Novemba yalikuwa yamepita ringgit 5,000, fedha ya Malaysia, kwa tani kwenye soko la Kuala Lumpur. Indonesia ilikuwa ikijiandaa kuchoma mawese mengi zaidi ndani ya dizeli yake, kwa hiyo ya kuuza nje yakapungua. Wewe ulikuwa Kisauni ukingoja nafuu ya dola, nayo nafuu ilikuwa imekwisha kuliwa kabla meli haijatia nanga.

Mchele una kisa kama hicho. Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Septemba 2024. Wanunuzi wa dunia nzima wakageukia Pakistan na kwingineko, na mchele wa Pakistan ndio unaopikwa pilau na wali wa nazi katika nyumba nyingi za mji huu. Dola ikishuka wakati kama huo unapata afueni kidogo tu.

Kodi nazo zinafuata dola, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ushuru wa forodha kwa vitu vingi haupigwi kwa kilo. Hupigwa kwa asilimia ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, na thamani hiyo hugeuzwa kuwa shilingi kwa kima cha dola cha wakati ule. Tuseme kitu kilichokwisha kutengenezwa, jiko au sufuria, kimefika bandarini kikiwa na thamani ya dola 10. Dola ikiwa 129, hiyo ni shilingi 1,290. Ushuru wa asilimia 25 unaongeza 322, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu ya jumla inaongeza 258, na kitu kinatoka kwa takriban 1,870. Dola ikiwa 160, kitu kile kile kinaingia kwa 1,600 na kutoka kwa 2,320. Tozo nyingine ndogo nimeziacha. Tofauti ya shilingi 310 baharini imekuwa 450 ukitoka getini. Na tozo zenyewe hazikai palepale: ile ya reli, inayotozwa mizigo iletwayo kutoka nje, ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa Desemba 2024, dola ikiwa imetulia kabisa.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, kwa nini kupanda ni kwa siku moja na kushuka ni kwa miezi.

Mwenye bohari ana jerikeni mia moja za mafuta alizonunua dola ikiwa 140. Asubuhi anasikia imefika 150. Mafuta yaliyomo ndani hayajamgharimu hata senti ya ziada. Lakini yeye haulizi alinunua kwa ngapi, anauliza mzigo atarudishia kwa ngapi. Akiuza kwa bei ya jana, fedha atakazopata hazitamrudishia jerikeni mia, zitamrudishia 93. Akifanya hivyo mara tatu duka linapungua mkononi mwake huku anauza kila siku. Ndiyo maana anapandisha siku ile ile. Watu huuita ulafi, mimi siuiti hivyo, kwa sababu mtaji usiojirudisha ni duka linalofungwa.

Basi igeuze. Dola imeshuka kutoka 160 hadi 145. Kwa hesabu ile ile ya kurudishia, angeshusha siku ile ile, maana mzigo ujao utampata kwa nafuu. Hashushi. Sasa ghafla anakumbuka alinunua kwa ngapi, na anataka kwanza kumaliza mzigo wa dola ya 160 bila hasara. Dola ikipanda anatazama mbele, ikishuka anatazama nyuma. Hapo, mama, ndipo unapoumia. Hili nimewaambia wateja wangu uso kwa uso na nitaendelea kuwaambia: chagua hesabu moja uishike pande zote mbili.

Nina haki ya kusema pia wanachonijibu, kwa sababu si uongo. Mwaka 2023 kulikuwa na miezi ambayo dola ilikuwa haba hata ukiwa na shilingi zako mkononi. Benki zilikuwa zikimpa mwagizaji kidogo kidogo, na kwa bei ya juu kuliko ile iliyotangazwa na Benki Kuu. Mtu aliyelipia kontena kwa mateso ya namna hiyo hakuamini kushuka kwa Februari na Machi 2024. Alidhani ni upepo, utapita. Shilingi iliyokuwa ikidhoofika miaka mfululizo haiaminiki kwa wiki sita. Tena tangu kuagiza mpaka bidhaa kukaa rafuni mara nyingi ni miezi miwili au mitatu: kuna ankara, kuna benki, kuna safari ya bahari, kuna bandari, kuna kiwanda. Mafuta uliyonunua Aprili 2024 huenda yalilipiwa kwa dola ya Januari, ile mbaya kuliko zote.

Kinachomlazimisha mfanyabiashara kushusha ni jirani yake. Pale soko la Kongowea, ambako wauza jumla wamepangana ukuta kwa ukuta, yule wa kwanza kupata mzigo wa dola ya 130 anashusha kidogo avute wateja, na mwenzake anamfuata akinung'unika. Kwenye mtaa wenye duka moja tu la jumla, jirani huyo hayupo, na bei inaweza kukaa juu nusu mwaka bila mtu kuiuliza.

Petroli ikupe mfano wa bei inayoshuka kwa sababu kuna anayeishusha. Kila tarehe 14 mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji kwa mwezi unaofuata, kwa kanuni inayohesabu gharama ya mafuta yaliyoshushwa, kima cha dola, kodi na faida iliyoruhusiwa. Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, ilikuwa 180.66. Sisi wa Mombasa hulipa pungufu kidogo kwa sababu mafuta hushukia hapa hapa Kipevu. Tahadhari tu usiipe dola lawama yote ya ule mwaka mbaya: Julai 2023 VAT ya mafuta ya magari ilitoka asilimia 8 hadi 16, na hiyo haihusiani na ubao wa benki. Bili ya umeme nayo ina mstari wake wa marekebisho ya fedha za kigeni, unaopanda na kushuka kila mwezi. Lakini nauli ya matatu kwenda Mwembe Tayari haina kanuni wala tarehe 14. Ilipanda na petroli, na petroli iliposhuka ikabaki.

Kuna neno jingine linalowachanganya watu wakisikiliza habari. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilitangaza asilimia 2.7. Jirani yako akasikia “umeshuka” akaenda dukani na mkoba akitarajia nafuu. Asilimia 2.7 maana yake ni kwamba bei bado zinapanda, ila kwa mwendo wa polepole. Kikapu cha shilingi 1,000 mwaka uliotangulia sasa ni 1,027. Kwa kikapu kurudi 950, mfumuko ungelazimika kuwa chini ya sifuri, jambo ambalo huku kwetu ni nadra sana. Na wakati huo huo gharama zisizo na dola zilikuwa zikipanda: mshahara wa chini uliongezwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, makato ya nyumba na ya bima ya afya yakaanza, kodi za maduka zikapandishwa na zikishapanda hakuna mwenye nyumba aliyeziteremsha. Nafuu ya dola inapofika kwenye duka hukuta mashimo haya, na hujaza hayo kwanza.

Kuhusu kijana wako wa Jeddah, hapo hesabu ni nyepesi na ni chungu. Riyali ya Saudi imefungwa kwenye dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo dola ikishuka hapa riyali inashuka nayo hatua kwa hatua. Akikutumia riyali 1,000 dola ikiwa 160, ulipokea kama shilingi 42,600 kabla ya gharama za kutuma. Kwa dola ya 129 unapokea 34,400. Zaidi ya shilingi 8,000 zimetoweka, na mtoto hajapunguza hata riyali moja. Naomba hili umwambie, kwa sababu najua nyumba ambazo kijana alituhumiwa amebadilika, ameoa kwa siri, ameanza anasa, kumbe ni kima cha fedha tu. Nyumba kama yako ilipigwa pande mbili: fedha za nje zilipungua mara moja, siku ile ile, na bei za ndani zilizotakiwa kukufidia zikachelewa. Wenye mishahara ya shilingi hawakuyaona hayo, ndiyo maana hawakuelewi ukilalamika.

Usisahau pia kwamba dola siyo fedha pekee ya kigeni inayoingia jikoni kwako. Vitunguu vingi vya Kongowea hutoka Tanzania na hulipiwa kwa shilingi ya Tanzania. Mwanzo wa 2024 shilingi yetu moja ilikuwa sawa na takriban 16 za kwao. Katikati ya mwaka ikapata takriban 20. Mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Lungalunga na shilingi 100,000 zetu alirudi na nguvu ya kununua robo zaidi kuliko miezi sita nyuma. Kitunguu kinaoza, hakisubiri bohari, kwa hiyo nafuu yake hufika sokoni mapema ikiwa mvua haikuharibu mavuno. Vitu vinavyooza hushuka upesi. Mafuta ya jerikeni yanaweza kungoja, na mwenye nayo anajua.

Ufanyeje basi? Ukiambiwa bei imepanda kwa sababu ya dola, uliza kwa upole mzigo huu umeingia lini. Mwenye duka mkweli atakujibu, na ukimuuliza tena dola ikishuka atakuwa anakumbuka kwamba unahesabu. Andika bei ya jerikeni ya lita 20 na ya unga kila mwisho wa mwezi kwenye daftari, kando yake uandike dola; baada ya miezi sita utaiona njia yao wewe mwenyewe. Mafuta ya kupimiwa kwa kikombe ndiyo ya mwisho kabisa kushuka, kwa sababu kipimo cha shilingi 50 hubaki shilingi 50 na anayepima ndiye anayejua ameshusha kiasi gani. Mkiwa wapishi watatu au wanne mkachanga mkanunua jerikeni Kongowea, mmeruka ngazi mbili za faida na mmefika pale ambapo wauzaji wanaogopana.

Na sasa uniwie radhi, mama, nikurudie wewe. Hamri la shilingi 10 haliwezi kuuzwa 9, hakuna chenji wala mteja wa kuingoja. Kwa hiyo bei yako halisi haiko kwenye sarafu, iko kwenye donge. Mwanzo wa 2024 ulipandisha bei bila kuigusa, na wengi wa wenzako walifanya vivyo hivyo, nao wenye viwanda wakapunguza gramu kwenye pakiti. Sikulaumu hata kidogo, ulikuwa unarudishia mzigo wako kama mwenye bohari. Lakini gesi na nauli ya nazi zilipolegea, donge lilirudi? Chukua mizani ya duka la jirani asubuhi moja, upime madonge kumi kabla hayajaingia kwenye mafuta, uandike uzito kwenye daftari lile lile, kando ya bei ya unga na ya dola. Mwezi ambao unga utashuka, ongeza donge kidogo, na uwaambie wateja wako kwamba umeliongeza.